Dawa ya Magaga Ndani ya Singo

Nyie mnaoanza kazi ya kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kuna swali mtaulizwa mpaka mchoke, na mkishachoka mtaendelea kuulizwa: "Hii ina nguvu?" Mteja anashika tyubu ya dawa ya kupaka, anaigeuza, anaibonyeza kidogo kana kwamba nguvu itachungulia pembeni, ndipo anauliza. Nimeifanya kazi hii Temeke, sehemu kubwa pale Chang'ombe, kati ya gereji na viwanda, nikastaafu kwa hiari kabla sijaanza kuwatukana wateja. Mke wangu anasema nilianza mapema kuliko ninavyokumbuka.

Sijawahi kupata jibu zuri la swali hilo kwa sababu limekaa vibaya. Dawa ya kupaka haina nguvu yake peke yake. Ina nguvu ikiwa ndani ya kitu fulani, juu ya ngozi fulani, kwa muda fulani, ikiwa imefunikwa au imeachwa wazi. Ukianza kumweleza mtu hayo, anatazama saa. Ukiendelea, anasema, "Basi nipe ile kali."

Na msidhani nilizaliwa najua. Nilitoka chuo kikuu nikiwa na mlinganyo kichwani, ule wa jinsi dawa inavyosafiri kutoka ilikojaa kwenda ilikopungua. Ningeweza kuuandika ubaoni nimefumba macho, na nadhani nilitamani mtu aniombe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye chumba cha kuchanganyia dawa cha hospitali moja, enzi ambazo marhamu tulizisaga wenyewe juu ya kioo, kwa kisu kipana, mpaka bega linakufa ganzi. Mkuu wa chumba alikuwa mfamasia mzee wa Songea, Mama Ngonyani. Wiki ya kwanza akaniuliza marhamu na krimu zinatofautianaje. Nikamwaga mlinganyo wote. Akanisikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho.

"Vizuri," akasema. "Kunja shati."

Akanipaka dawa ya jamii ya steroidi kwenye mkono, mabaka manne, dawa ileile kwa kipimo kilekile. Kwenye baka la kwanza dawa ilikuwa ndani ya losheni, la pili krimu, la tatu marhamu, yaani ile ya mafuta mazito. La nne lilikuwa marhamu tena, ila hili alilifunika kwa kipande cha nailoni na kulibandika plasta. Akaniambia nisioshe mkono hadi kesho yake.

Dawa hizo hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo mahali zilipoingia vizuri ngozi hupauka. Asubuhi baka la losheni ilibidi nilitafute. La krimu lilionekana kwa mwanga wa dirishani. La marhamu lilikuwa wazi. Lile la chini ya nailoni lilikuwa limepauka hata mama wa usafi akaniuliza nimeungua na nini.

"Dawa moja, mkono mmoja," akasema Mama Ngonyani. "Haya, niambie ipi ina nguvu."

Sasa msiondoke hapa mkaenda kutangaza kwamba marhamu hushinda siku zote. Nawajua. Iko dawa inayoyapenda mafuta mno, ukiiweka ndani ya mafuta inakaa humo humo, kama mgeni aliyezoea sebule. Haingii ndani na haiagi. Ili dawa ihame, lazima ngozi iwe mahali inapopataka zaidi kuliko pale ilipokaa. Kazi ya kile kinachoibeba ni kuifikisha, kuishikilia hapo kwa muda, kisha kuiachia. Vibebeo vingine vinafikisha lakini vinakauka upesi. Vingine vinashikilia mpaka vinasahau kuachia.

Na ngozi nayo si kitambaa. Ile sehemu ya juu kabisa ni seli zilizokufa zimelaliana kama makuti ya paa, na katikati yake kuna mafuta. Makuti yakiwa makavu na mazima, kinachopita ni kidogo. Yakilowa, yanavimba na kuachana. Tazameni vidole vyenu mkimaliza kufua. Hali hiyo ya vidole ndiyo hali ya ngozi iliyofungwa nailoni kwa masaa, na ngozi ya namna hiyo inapitisha vitu ambavyo siku nyingine ingevizuia mlangoni.

Haya si mambo ya maabara. Palikuwa na kijana mchezaji wa mpira kule Chamazi, alipaka jeli ya misuli kwenye goti, akalizungushia mfuko wa plastiki, akaenda kukaa juani ili "ipenye." Ilipenya. Alikuja dukani anachechemea kuliko kabla hajapaka, goti limewiva. Nilipomuuliza nani alimshauri, akasema kocha. Kocha alikuwa nje, anasubiri kununua nyingine.

Lakini niliyekusudia kuwasimulia ni Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa nyuma ya duka langu, kwenye nyumba ya wenyeji hasa wa mji, watu waliokuwepo kabla ya lami. Wazazi wake walishafariki, akalelewa na shangazi yake, Bi Tatu, muuza vitenge, mwanamke mwenye sauti ya kuuza vitenge. Zuhura alikuwa anaolewa Jumamosi na Hamisi, fundi wa gereji ya jirani. Wiki hiyo mwali alikuwa ndani. Haonwi na wanaume, hatoki, anasingwa kila siku: liwa, manjano, karafuu iliyosagwa na maua, vinachanganywa na kusuguliwa mwili mzima ili ngozi ing'ae na inukie. Aliyemsinga ni somo wake, yaani kungwi aliyemfunda, Bi Kidawa, bibi mwenye heshima zake mtaani kote. Mimi ni mtu wa Njombe, kwetu bibi harusi anaoga tu, lakini nilikuwa nimekaa pale muda wa kutosha kujua singo ni nini, na kujua kwamba hainihusu.

Alhamisi Bi Tatu akaingia dukani. Akasimama mbele ya kabati la mafuta ya watoto akilisoma kama gazeti, mpaka mteja wa mwisho akatoka.

"Daktari."

Mimi si daktari, na Bi Tatu nilishamwambia. "Karibu, Bi Tatu."

"Nipe kile kipimo."

"Kipimo gani? Cha sukari?"

"Usinifanye nikapiga kelele, we baba. Cha mimba."

"Cha nani?"

"Tangu lini umekuwa polisi?"

Mkitaka mtu aseme, nyamazeni huku mnapanga vitu. Nikapanga vitu.

"Mwali anatapika," akasema. "Tangu jana. Na leo asubuhi mama yake Hamisi kaja kuleta mikeka, kamkuta kainamia beseni. Hajasema neno. Kaondoka na macho yake. Unajua maana yake hiyo? Kufika jioni ukoo mzima wa kwao unajua. Kesho wanakuja wazee na harusi hakuna. Nataka nimpime nijue nawajibu nini."

"Ana kingine zaidi ya kutapika?"

"Anahema kama katoka kukimbizwa. Na anasema masikio yanamlia."

"Yanalia vipi?"

"Yanavuma. Kama jenereta ya jirani. Nikamwambia ni woga wa ndoa, hata mie yalinivuma."

Kutapika, sawa, mimba hutapisha. Lakini mimba haipigi jenereta masikioni. Masikio yanayovuma pamoja na kuhema haraka ni mambo ambayo kwenye kazi yetu yana orodha fupi, na juu ya orodha hiyo imekaa aspirini na ndugu zake.

"Anameza dawa gani?"

"Hamezi kitu. Mwali ameze dawa ya nini?"

"Anapakwa nini?"

"Singo."

"Ndani ya singo mna nini?"

"Liwa. Manjano. Karafuu. Maua."

"Na nini, Bi Tatu?"

Akarudi kulitazama kabati la mafuta ya watoto. "Na ile dawa ya magaga."

Dawa ya magaga, kama hamjaanza kuiuza, ni marhamu yenye asidi ya salisili. Inalainisha ngozi ngumu ya kisigino mpaka inabanduka. Ni dawa nzuri sana, kisiginoni. Na asidi hiyo ni ndugu wa damu wa aspirini. Bi Tatu alikuwa ameona jinsi inavyofanya miguu yake iwe kama ya mtoto, akawaza vizuri kabisa, kwa mtu asiyejua: kama inalainisha kisigino, mwali mzima itamfanyaje?

"Umeweka kiasi gani?"

"Vikopo."

"Vingapi? Mbona sijakuuzia hata kimoja?"

"Nimenunua huku na huku, kila duka kimoja. Wewe unauliza sana."

Kuna matusi ambayo ni sifa, lakini unayatambua baadaye sana.

Nikamuuliza kama Bi Kidawa anajua. Akasema anajua, tena ndiye mwenye dawa. Bibi alikuwa akiitumia miaka yote, chembe kidogo ya unga wake ndani ya marashi ya waridi, anawapaka maharusi kwenye viwiko, magoti na visigino. Hakuna aliyewahi kutapika.

"Lakini ile ya marashi inakauka kabla hujageuka," akasema Bi Tatu. "Haiingii. Ndo mie nikaona tuweke ya mafuta, na mafuta ya nazi juu, mwili mzima, isikauke. Halafu tunamfunga na nailoni, ile laini ya kufungia chakula. Saluni wanafanya, nimeona kwenye simu."

"Muda gani?"

"Mpaka jioni. Akivumilia, mpaka alale."

"Na sasa hivi?"

"Kafungwa. Anapigwa udi. Mbona umekaa hivyo?"

Nilikuwa nimekaa hivyo kwa sababu kama ningeajiriwa niingize dawa nyingi kadiri inavyowezekana kupitia ngozi ya binadamu aliye hai, ningefanya vilevile. Ningemsugua kwanza, nipunguze makuti. Ningechukua dawa kwenye marashi, ambayo yakikauka yanaiacha imekaa juu ya ngozi kama chumvi, inafutwa na kanga, nikaiweka kwenye mafuta yasiyokauka. Ningeacha kisigino, ambako ngozi ni nene kama soli, nikampaka tumbo, shingo na mapaja. Ningemfunga nailoni atoke jasho, avimbe kama vidole vya mfuaji. Mwisho ningemweka kwenye moshi wa udi apate joto. Mimi ilinichukua chuo kikuu kuyajua hayo. Bi Tatu aliyakusanya kwa simu na nia njema.

Nikafunga duka. Njiani Bi Tatu akaendelea kunidai kipimo cha mimba.

Uani palikuwa na wanawake wanachambua mchele. Nikapiga hodi, wakaniambia karibu, nilipoelekea chumba cha mwali hawakusema tena karibu. Nikasimama mbele ya pazia. Moshi wa udi ulikuwa unapita chini yake.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba." Sauti ilitoka ndani. "Mwanamume hapiti hapo."

"Sipiti. Naomba mumfungue Zuhura hiyo nailoni, mumwogeshe."

"Muda wake bado."

"Ile dawa inamdhuru, bibi."

"Dawa ni ileile, baba. Maharusi wa mtaa huu nimewasinga mie, wewe ukiwa kwenu huko kwenye baridi. Mama yake huyu nimemsinga mie. Alitapika?"

"Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kilichoibeba. Ukiiweka kwenye marashi inakauka, inabaki juu, unaifuta. Hii mmeifungia na mafuta na nailoni, haina pa kwenda ila ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwenye damu."

Uani walikuwa wameacha kuchambua mchele.

"Na ngozi yake iko vipi?" nikauliza. "Imekuwa nyekundu? Mapajani je, na tumboni?"

"We baba," akasema mmoja wa wachambua mchele, "huna haya? Unauliza mapaja ya mwali mbele ya watu?"

"Tena na pete ya ndoa kavaa," akasema mwingine.

Hapo ndipo mtakapojua kama mnaiweza kazi hii. Sikuwahi kufundishwa darasani namna ya kueleza ngozi inavyofyonza dawa kupitia pazia, kwa mtu aliyenizidi umri na heshima, huku nyuma yangu wananicheka. Nilikuwa na mlinganyo wangu. Haukunisaidia chochote.

"Bi Kidawa," nikasema, "usinisikilize mimi. Mwite Zuhura, uone kama anakusikia."

"Atakosaje kunisikia, yuko hapa." Kimya kidogo. "Zuhura." Kisha, kwa ukali, "We Zuhura, usijifanye." Kisha kimya kirefu zaidi, na nilipomsikia tena, Bi Kidawa alikuwa na sauti nyingine kabisa. "Zuhura. Mwanangu. Nitazame."

Halafu nikasikia nailoni inachanwa.

Yaliyofuata yalipita kwenye pazia kwa kupokezana. Nikawaambia wamfute mafuta kwanza kwa kanga kavu, wasianze na maji. Wakamfuta. Nikawaambia sabuni na maji ya kawaida, yasiwe ya moto. Bi Kidawa akasema maji ya moto ndiyo yanayotoa mafuta. Nikasema joto litaiingiza dawa zaidi. Akasema haya. Nikasikia dodoki.

"Msimsugue, bibi."

"Nisipomsugua yatatokaje?"

"Yatatoka kwa sabuni. Kila ukisugua unamfungulia dawa mlango."

"Simsugui, nampapasa."

"Nasikia dodoki."

"Baba, una masikio ya mbwa," akasema, lakini dodoki likanyamaza.

Tukampeleka hospitali kwa bajaji, amefunikwa kanga na baibui, kichwa kwenye mapaja ya Bi Kidawa. Mimi nilikaa mbele, nusu nje, na vikopo vya magaga kwenye mfuko. Na hili lishikeni: mkimsindikiza mgonjwa wa aina hii, nendeni na kopo lenyewe. Pale mapokezi walisikia "bibi harusi anatapika" wakaanza kutabasamu. Daktari kijana alipoona vikopo, akaacha. Wakampima damu, wakamtundikia dripu, wakakesha naye.

Walimpima na mimba pia. Hospitali humpima mwanamke yeyote wa umri ule kabla ya dawa nyingi, ni kawaida. Asubuhi daktari alinipitisha wodini nimweleze mchanganyiko ulivyokuwa, na kwa haraka zake akamwambia Zuhura majibu yote nikiwa nimesimama pale. Alipotoka, Zuhura akanitazama. Alikuwa amerudi kusikia, ila ukimwita kwa sauti ya chini anageuza kichwa atege sikio.

"Baba, yale majibu ni ya nani?"

"Ni yako."

"Shangazi ataniuliza. Mama Hamisi ataniuliza."

"Ukiwaambia, yameisha hayo. Kuna karatasi, waonyeshe."

"Nikiwaonyesha leo," akasema, "nitakuwa mtu wa kuonyesha karatasi maisha yangu yote." Akavuta shuka. "Yakae kwangu. Hata shangazi usimwambie."

Nilikasirika, siwafichi. Nilikuwa nimefunga duka siku mbili, nimeitwa mchungulia mapaja, na sasa mtu mwenye jina lake mashakani anakataa kuyatumia majibu. Nikafungua mdomo nimshauri. Nikaufunga. Yalikuwa yake.

Na kama kuna mmoja wenu anasoma mistari hii akisubiri nimwambie majibu yalikuwaje, arudi darasani akaanze upya.

Hamisi akaja mchana, mikono ina grisi, mama yake nyuma yake. Bi Tatu akasimama kuzuia, maana mwali haonwi. Bi Kidawa akamvuta gauni akakaa. Watu wote wodini tulikuwa tunamtazama yule kijana mdomo, tukijua ametumwa aulize nini. Akasimama pembeni ya kitanda, akaitazama mikono ya Zuhura. Ngozi ilikuwa imeanza kubanduka kutoka kwenye viwiko hadi vidoleni.

"Umekula?" akauliza.

"Sijala."

Akatoka kwenda kutafuta uji. Mama yake akabaki amesimama na macho yake, hajui ayaweke wapi, mwishowe akayaweka kwangu.

Harusi ilifanyika mwezi uliofuata. Hakusingwa. Bi Kidawa alimpaka marashi matupu, akamfunika kanga, akakaa mlangoni kuhakikisha Bi Tatu haingii na kitu chochote chenye mfuniko. Mikono ya bibi harusi ilikuwa na mabaka, hina ilishika hapa ikakataa pale, na aliombwa avae glovu ndefu nyeupe akakataa. Mimi na mke wangu tulialikwa. Wale wachambua mchele waliniletea pilau kwanza kuliko wote, wanacheka.

Wiki moja baadaye mama yake Hamisi akaja dukani. Hakuwa mteja wangu, alitoka mbali. Akakaa kwenye benchi mpaka watu wakaisha.

"Wewe ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo wapi, mama?"

"Pale hospitali. Walimpima."

"Walimpima damu, presha na joto."

"Na kingine."

"Mama, kwani kichwa kinakuuma?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kwa kweli, akitafuta ndani yake kama kinauma au hakiumi.

"Kinaniuma," akasema. "Tangu siku ile."

Nikamtolea vidonge, nikaviweka juu ya kaunta na bei yake. Akavitazama kwa muda, kisha akavirudisha upande wangu kwa kidole kimoja.

"Hivi ya kupaka huna?"